Kusikika na Kuheshimika: Karne ya Walimu wa Sauti Jukwaani

Mwaka 1906 Elsie Fogerty alifungua shule ya usemi na sanaa ya maigizo ndani ya jengo la Royal Albert Hall jijini London. Hadi miaka ile waigizaji wengi wa Uingereza walijifunza kazi kwa kufuatana na kampuni za maigizo, wakianza na sehemu ndogondogo na kuwaiga wakubwa wao. Sauti ilihesabiwa kuwa kipaji cha kuzaliwa. Fogerty alishikilia kwamba sauti ni kazi ya mwili, kwamba mwili una kanuni zake, na kwamba kanuni hizo hufundishika. Dai hilo ndilo lililoipa hadhi ya taaluma kazi ya mwalimu wa sauti, matamshi na lafudhi za waigizaji. Lakini ndani ya dai hilo lilijificha dai jingine, kwamba miongoni mwa namna zote za kutamka ipo moja iliyo bora. Dai la kwanza lahusu kusikika, la pili lahusu kuheshimika, na historia ya kazi hii kwa zaidi ya karne moja ni historia ya kuyatenganisha. Hoja ya makala haya ni kwamba la kwanza lilikuwa la kweli, ndiyo maana limedumu; la pili lilikuwa desturi ya tabaka iliyovishwa joho la sayansi, na kila yalipochanganywa sanaa ndiyo iliyolipa gharama.

Tuanze na dai la kweli. Kumbi za maigizo za zama zile hazikuwa na vipaza sauti. Mwigizaji alipaswa kumfikia mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, ghorofa ya juu, bila kupiga kelele na bila kuliua koo lake, usiku baada ya usiku. Fogerty alishirikiana na daktari W. A. Aikin, aliyeichunguza irabu kama mlio unaoumbwa na nafasi iliyo wazi kinywani na kooni. Wanafunzi walifundishwa kupanua mbavu na kuziacha zimepanuka huku msuli wa kiwambo ulio chini ya mapafu ukiitoa pumzi taratibu, ili daima ibaki akiba ya kumalizia sentensi ndefu. Walibana kijiti kidogo kati ya meno ili taya lizoee kufunguka wakati midomo na ulimi vinafanya kazi. Matunda yalionekana. Laurence Olivier na Peggy Ashcroft walipita mikononi mwake miaka ya 1920, na mwaka 1935 aliifundisha kwaya ya wanawake katika tamthilia ya T. S. Eliot, Murder in the Cathedral, ambamo sauti nyingi zilipaswa kutamka kwa pamoja bila neno kupotea. Maarifa hayohayo aliyapeleka katika hospitali ya St Thomas' kuwasaidia wenye kigugumizi na matatizo mengine ya usemi. Vizazi vilivyomfuata viliiacha mbinu ya kukaza mbavu kwa kuwa iliubana mwili, lakini kuiacha kwenyewe ni ushahidi kwamba hapa palikuwa na elimu: jambo lilijaribiwa, likapimwa, likarekebishwa.

Dai la pili halikupimwa kwa namna hiyo. Zana za kulipima zilikuwapo. Mwaka 1886 walimu wa lugha waliokuwa na Paul Passy jijini Paris walianzisha chama cha fonetiki, na katika chama hicho yakatoka maandishi ya alama ambayo kwayo sauti ya lugha yoyote inaweza kuandikwa bila kuipendelea hii wala kuidharau ile. Daniel Jones wa Chuo Kikuu cha London aliyatumia katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, akieleza jinsi walivyozungumza watu wa kusini mwa Uingereza waliosomea shule za bweni za wenye nacho. Yeye alisema anaeleza tu, haamrishi. Wasomaji wake walisikia amri. Mwaka 1926 shirika la utangazaji la BBC liliunda kamati ya kuwashauri watangazaji juu ya matamshi, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Bernard Shaw, yuleyule ambaye tamthilia yake Pygmalion, iliyochezwa London mwaka 1914, ilimwonyesha bingwa wa fonetiki akimgeuza muuza maua kuwa bibi wa heshima kwa miezi michache ya mazoezi ya irabu. Tamthilia hiyo ilikuwa kejeli, kwa maana Shaw alitaka watazamaji waone jinsi cheo kinavyoning'inia kwenye uzi mwembamba wa matamshi. Wengi hawakuiona kejeli. Waliona tangazo la biashara, na shule za usemi zikajaa.

Dai hili lilikomaa zaidi ng'ambo ya bahari kuliko Uingereza kwenyewe. William Tilly, Mwaustralia aliyekuwa amefundisha lugha Marburg na Berlin, alifika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1918. Alikuwa mwalimu mkali, mwenye imani kubwa na maandishi ya fonetiki yenye kunakili kila chembe ya sauti. Wanafunzi wake wengi walikuwa walimu wa shule za New York, jiji ambalo kila darasa lake lilikuwa na watoto wa wahamiaji, na alichowapa ni namna ya kusema Kiingereza isiyomfichua msemaji anatoka wapi. Ilikaribia Kiingereza cha matajiri wa kusini mwa Uingereza pasipo kuwa hicho hasa, na ilikwepa mazoea ya Wamarekani walio wengi, kwa mfano kuitamka r inayofuata irabu mwishoni mwa neno. Kwa hiyo haikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote. Aliyeizungumza alikuwa amefundishwa kuizungumza, basi. Hilo halikuwaudhi wafuasi wa Tilly. Kwao lilikuwa ndiyo sifa yake, kwani kisicho cha mtu chaweza kuwa cha wote.

Mmoja wa wafuasi hao alikuwa Edith Skinner, aliyezaliwa Kanada mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1974 alifundisha katika chuo cha Carnegie jijini Pittsburgh, na mwaka 1968 kitengo cha maigizo kilipoanzishwa Juilliard, New York, mwongozaji wake John Houseman alimwita huko pia. Kitabu chake Speak with Distinction kilitoka mwaka 1942 na kilitumika kwa miongo mingi baada ya hapo. Anayekifungua leo atakuta orodha ndefu za maneno na sentensi za mazoezi, kila irabu na daraja lake, na vishazi vilivyopimwa wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Waigizaji wa Marekani wa vizazi viwili au vitatu walijifunza kwake kusikia tofauti ambazo masikio yao hayakuwa yakizisikia, na ujuzi wa namna hiyo haupotei. Lakini walijifunza pia kwamba sauti waliyokuja nayo kutoka Alabama, Brooklyn au Chicago ilikuwa kasoro ya kuondolewa kabla sanaa haijaanza. Mfalme wa Ugiriki ya kale, mwanamke wa Kirusi katika tamthilia ya Chekhov na mkuu wa Denmark wote walipewa kinywa kimoja, kinywa cha mtu asiyetoka popote.

Mtetezi wa mfumo huu ana jibu zito. Atasema kwamba lafudhi hiyo ilikuwa mlango kwa waliofungiwa nje: mtoto wa mhamiaji au wa mchimba makaa aliingia katika majukwaa makubwa kwa sababu mwalimu alimpa sauti ambayo hakurithi kwa baba yake. Mgala muue na haki yake umpe. Mwigizaji Paul Robeson, aliyezaliwa mwaka 1898, baba yake akiwa mtu aliyetoroka utumwani, alijiandaa kwa Othello ya London ya mwaka 1930 akisaidiwa na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyecheza Shakespeare kote Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1943 Robeson aliirudia nafasi hiyo Broadway, ikachezwa mara 296, idadi ambayo hakuna onyesho la Shakespeare lililokuwa limeifikia hapo. Lakini yatazame maisha ya Robeson kwa ukamilifu. Kati ya maonyesho hayo mawili, katikati ya miaka ya 1930, alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika jijini London akasoma fonetiki na Kiswahili, kwa kuwa aliamini sikio lililonolewa lingemrudisha kwa watu wa asili yake. Elimu iliyowapeleka wengine kwenye lafudhi moja yeye ilimpeleka kwenye lugha nyingi. Kwa hiyo kilichofungua mlango kilikuwa ni sikio na pumzi. Sharti la lafudhi moja ndilo lililokuwa kufuli, na aliyepewa ufunguo wa kufuli hana budi kushukuru, ila shukrani yake si hoja ya kuiacha kufuli mlangoni.

Mabadiliko yalianzia ndani ya shule ileile ya Fogerty. Cicely Berry, aliyefunzwa pale chini ya Gwynneth Thurburn na kisha kufundisha pale kwa miaka mingi, aliajiriwa mwaka 1969 na kampuni ya Royal Shakespeare kuwa mwalimu wa sauti wa kudumu, nafasi ambayo kampuni kubwa za maigizo hazikuwa nayo. Kitabu chake Voice and the Actor kilitoka mwaka 1973 kikiwa na dibaji ya mwongozaji Peter Brook. Kwa Berry, kazi ya sauti haikuanza na irabu safi. Ilianza na haja ya kusema. Waigizaji walizungumza mistari yao huku wakitembea na kugeuka ghafla kila penye kituo, wakisukumana, wakipiga teke kitu, mpaka maneno yatoke mwilini. Aliipeleka kazi hiyo magerezani na, baadaye sana, kwa kikundi cha vijana wa mtaa wa mabanda wa Vidigal huko Rio de Janeiro. Kristin Linklater, Mskoti aliyefunzwa na Iris Warren katika chuo cha LAMDA, alihamia Marekani mwaka 1963, na kitabu chake cha mwaka 1976 kilidai kwamba kila mtu huzaliwa na sauti kamili, halafu woga, adabu na mikazo ya mwili huifunga. Kazi ya mwalimu kwa mujibu wake ni kuondoa vizuizi. Kati ya Skinner na Linklater swali lilikuwa limegeuka. Mmoja aliuliza mwanafunzi anakosa nini ili aongezewe. Mwingine aliuliza nini kimemziba ili kiondolewe.

Je, hapo mambo mawili yalikwisha kutenganishwa? Si kabisa, na wakosoaji waliliona hilo mapema. Mwaka 1996 mwanazuoni Sarah Werner aliandika kwamba mafunzo ya kina Berry, Linklater na mwalimu mwenzao Patsy Rodenburg yanamwelekeza mwigizaji kuyapokea maneno ya Shakespeare kama ukweli unaongoja kutolewa, bila kumpa nafasi ya kubishana nayo, na kwamba huo uasilia unaosifiwa una historia na siasa zake. Walimu hao walijibu kwamba kazi yao ni kumpa mwigizaji nguvu, na kwamba atakayebishana na maneno hayo yampasa asikike kwanza. Hoja ya Werner ina uzito kuliko jibu hilo linavyokiri. Hakuna sauti isiyo na malezi. Aliyekulia Orkney na aliyekulia Harlem hawawezi kuondolewa woga wakabaki na sauti moja ya binadamu. Lakini hoja hiyo hailirudishi dai la kina Tilly, inalizika zaidi. Kama hata sauti iliyofunguliwa ina kwao, basi sauti isiyotoka popote haikuwapo kamwe, na mwalimu aliyesema anaifundisha alikuwa akifundisha kwao pa mtu fulani pasipo kupataja.

Ngome ya mwisho ya lafudhi moja ilikuwa Shakespeare mwenyewe: kwamba vyovyote iwavyo kwa tamthilia za kisasa, ushairi ule mkubwa ulitungwa kwa ajili ya matamshi ya heshima. Ngome hiyo imevunjwa mara mbili. Mwaka 1992 Barrie Rutter, mwigizaji kutoka mji wa bandari wa Hull, aliunda kampuni ya Northern Broadsides na kuicheza Richard III kwa lafudhi za kaskazini mwa Uingereza, wafalme na malkia wakizungumza kama watu wa Yorkshire. Watazamaji walisikia mapigo ya ushairi yakigonga kwa uzito mpya, kwa kuwa irabu fupi na konsonanti nzito za kaskazini zinalibeba neno kwa namna nyingine. Kisha mwaka 2004 ukumbi wa Globe wa London uliicheza Romeo and Juliet kwa matamshi ya zama za mwandishi, kama mwanaisimu David Crystal alivyoyajenga upya kutokana na vina, tahajia na maelezo ya wasarufi wa wakati ule. Matamshi hayo hayakufanana na ya shule za bweni. Ile r inayofuata irabu, ambayo Skinner aliwafundisha Wamarekani kuiacha ili wawe wastahiki wa Shakespeare, ilikuwa ikisikika katika kinywa cha Shakespeare. Mkulima wa Ohio, katika jambo hilo moja, alikuwa karibu zaidi na mwandishi kuliko mhitimu wa Juilliard.

Linabaki pingamizi la watu wa kazi, ambalo ni la busara kuliko mengine. Wanasema: siasa za lafudhi tumezisikia, lakini onyesho lina watu mia tisa ukumbini na lazima waelewe, mkiondoa kipimo cha pamoja mtabaki na manung'uniko. Dudley Knight wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine alilijibu kwa ukamilifu kuliko wengine wote. Makala yake ya mwaka 1997 ilifukua asili ya mfumo wa Tilly na Skinner, ikaonyesha kwamba kilichoitwa kipimo cha usafi kilikuwa ladha ya watu wachache wa wakati mmoja. Hakuishia kubomoa. Yeye na Philip Thompson walitunga mafunzo ambayo mwanafunzi huanza kwa kuchunguza kila mwendo ambao ulimi, midomo na koo vinaweza kuufanya, sauti za lugha zote zikiwamo, kabla ya kuguswa lafudhi yoyote. Uwazi, kwa hesabu yao, ni kiasi cha vipengele vya sauti ambavyo msemaji anavitoa bila kuvimeza, na kiasi hicho hupandishwa au kushushwa kulingana na ukumbi, hadhira na hali ya mhusika. Mtu wa Glasgow anaweza kusema kwa uwazi mkubwa na kubaki wa Glasgow. Pingamizi linajibiwa hapo: kipimo cha pamoja kipo, nacho ni kusikika.

Zana nazo zilibadilika. Tangu mwaka 1998 hazina ya rekodi iliyoanzishwa na Paul Meier katika Chuo Kikuu cha Kansas imekusanya sauti za watu wa kawaida kutoka pande zote za dunia, zaidi ya elfu moja, wakisoma kifungu kimoja kisha wakizungumza habari zao. Mwigizaji sasa humwendea msemaji mwenyewe, na mwalimu ndiye anayemwonyesha asikilize nini: taya linakaa wapi, kiimbo kinapanda lini, mapigo ya silabi yanaendaje. Ndipo Afrika ilipoingia kwa kishindo katika historia hii. Kwa filamu Black Panther ya mwaka 2018, mwigizaji Chadwick Boseman alieleza jinsi alivyokataa kumpa mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani. Kufanya hivyo kungekiri kwamba nchi isiyowahi kutawaliwa ilihitaji kwenda Ulaya kuelimika. Kixhosa kilichaguliwa kumfuata mwigizaji John Kani, aliyekitumia katika filamu iliyotangulia, na Beth McGuire, mwalimu kutoka Yale aliyeandika kitabu cha lafudhi za Kiafrika kwa waigizaji, ndiye aliyewafundisha. Katika filamu hiyohiyo alikuwamo Lupita Nyong'o, Mkenya aliyehitimu Yale mwaka 2012. Amesimulia hadharani jinsi alivyojilazimisha kusikika kama Mmarekani akiwa masomoni ili apate kazi, na jinsi alivyoamua kuirudia lafudhi yake ya Kenya wakati filamu 12 Years a Slave ilipokuwa ikitangazwa.

Mtu anaweza kuuliza kama huu si udanganyifu mpya: zamani kinyago kimoja, leo vinyago mia, na Afrika nzima ikitamkwa na wageni kwa majuma machache ya mazoezi. Swali hilo linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Mwigizaji Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Kenya nzima ilimjua kama Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, akizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, naye alipendwa hadi kifo chake mwaka 2015. Kwa hiyo kuvaa lafudhi ya jirani si kosa lenyewe. Ndiyo kazi ya uigizaji. Lililo kosa ni mgawanyo wa kazi unaoonekana katika michezo yetu mingi ya redio na runinga, ambamo lafudhi ya bara hupewa mlinzi, mpishi na mlevi, na daktari, hakimu na mpenzi huzungumza Kiswahili sanifu kisicho na kwao. Kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilikiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu kwa ajili ya vitabu na shule. Kuugeuza uamuzi huo wa vitabu na shule kuwa cheti cha heshima jukwaani ni kurudia kosa la Tilly kwa ulimi wetu wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu wa sauti, awe London au Bagamoyo, ana mitihani miwili tu ya haki ya kumpa mwanafunzi wake. Mtu wa kiti cha nyuma amesikia kila neno? Na mtu wa nyumbani kwa mhusika, wa Lubumbashi, Lamu au Kisumu, amemtambua mwenzake bila kujiona amedhihakiwa? Wa kwanza unadai pumzi, mwili na ulimi uliozoezwa, na hapo Fogerty bado ni mwalimu wetu. Wa pili unadai sikio na unyenyekevu wa kukaa na watu kabla ya kuwaiga. Hakuna wa tatu unaohoji kama lafudhi ni ya kiungwana, kwa kuwa historia ya kazi hii imeonyesha kwamba swali hilo halikuwahi kuifanya sauti yoyote isikike mbali zaidi.